Soksi ya Beki wa Kushoto

Niseme mapema ili tusichoshane: mimi si mchambuzi wa mpira. Mimi ni dobi. Nimefua jezi za klabu hii miaka ishirini na sita, na tangu zije mashine nimeongezewa kazi ya kuwapikia chai wakubwa wa ofisini, maana waliona mashine ikifua, mimi nitakaa bure. Wachezaji huniita Mama Jezi. Watu wa redio wanaujua mpira kwa macho. Mimi naujua kwa madoa.

Jezi ya mshambuliaji hurudi chafu mgongoni, kwa kuwa nusu ya kazi yake ni kuanguka na kumtazama mwamuzi. Ya kipa huchafuka ubavu mmoja, ule anaopenda kurukia. Ya beki wa kati hurudi imevutwa: kola imelegea, mikono imetanuka, uzi wa kwapa umekatika. Jezi namba tano ya huyu ninayemweleza niliishona kwapa mara nyingi mpaka mkewe, ambaye ni fundi cherehani, akanihurumia, akasema niwe nampelekea yeye kila mwisho wa mwezi pamoja na nyingine zilizochanika.

Namba tano huyo tulimwita Komeo. Mwaka huu alikuja kuomba kazi ya kuwafundisha mabeki wa timu yetu ya vijana. Klabu nzima hakuna anayeijua kazi hiyo kama yeye, lakini kati yake na kazi ilikuwepo picha moja ya gazeti, ya miaka kumi na moja iliyopita. Siku ya usaili nilikuwa ndani ya chumba kile na birika mkononi. Kwa hiyo nikipandisha sauti humu, mnivumilie.

Alikuja kwetu akiwa na miaka kumi na tisa, viatu vyake vya mpira vikiwa kwenye mfuko wa unga. Shuleni alikuwa mshambuliaji, mwalimu wake akamrudisha nyuma kwa sababu alikuwa anapiga kelele kuliko anavyofunga. Hakuwa na mbio. Hilo alilijua na hakulificha. Alikuwa akisema kwamba mtu asiye na mbio inabidi afike kabla. Na kweli alifika kabla, misimu kumi na minne, pua ikavunjwa mara mbili, meno mawili ya mbele yakabaki kwenye nyasi za watu. Magoli aliyofunga ni manne tu. Akifunga hakujua hata kushangilia. Alipiga makofi mawili, akakimbia kurudi nyuma kama mtu aliyeacha chungu jikoni.

Siku moja mchana alinikuta uani nikianika, akaniomba kamba. Nikamuuliza kamba ipi. Akasema hii hii ya kuanikia. Nilikuwa na jezi mbichi kwenye beseni na jua lenyewe lilikuwa la kubembeleza, nikamwambia aende zake. Hakwenda. Akasimama pale ananishikia vibanio mpaka nikachoka naye, nikaifungua.

Nilimfuata uwanjani nione kamba yangu inaenda kufanya nini. Nikakuta mabeki wanne wamefungwa viunoni, wamepangana kwa upana wa uwanja kama nguo zangu. Komeo akinyoosha mkono na kusema "Juu!", wote wanatakiwa wapande hatua tatu kwa pamoja. Anayechelewa anavutwa, na akizubaa sana anaanguka na kuwaangusha wenzake. Walianguka wiki nzima. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma.

Kwa asiyeufuata mpira nieleze kidogo. Mshambuliaji akipigiwa pasi wakati amewapita mabeki wote, ameotea, na goli lake halihesabiwi. Kwa hiyo mabeki wajanja hupanda mbele kwa pamoja, sekunde moja kabla ya pasi, wakamwacha mshambuliaji peke yake huko nyuma na aibu yake. Lakini lazima wapande wote. Akibaki mmoja tu, mshambuliaji yuko huru, na wale waliopanda wanaonekana wajinga.

Na beki anaogopa lawama kuliko anavyoogopa mpira. Komeo aliliona hilo. Mtu mwenye hofu hugeuka kwanza aangalie nyuma, na akishageuka amechelewa. Basi siku moja, katika chumba cha kubadilishia nguo, mimi nikiwa naokota taulo, aliwaambia wale watatu maneno ambayo nayakumbuka mpaka leo.

"Anayenyoosha mkono ni mimi. Mkono ukikosea, goli ni langu. Sitaki kusikia nani alichelewa, si humu ndani wala huko nje. Nyinyi pandeni tu."

Kocha alicheka, lakini nusu ile ya msimu tulifungwa magoli sita tu. Timu zilizokuwa zikija kutuchabanga zikawa zinaondoka zimenuna. Washambuliaji wao walikuwa wakimlilia mshika kibendera kila dakika, na kibendera kiko juu. Gazeti halikuandika hata mstari mmoja kuhusu kamba. Liliandika kuhusu mfungaji wetu na nywele zake.

Beki wa kushoto, namba tatu, tulimwita Marashi, kwa kuwa alijipulizia manukato kabla ya mechi. Jezi yake niliifua mara mbili na bado ilinukia harusi. Alikuwa kijana mzuri, mwepesi, mwenye mbio zote ambazo Komeo hakupewa, na alijua kamera iko wapi hata akiwa amefumba macho. Alipofika mjini hana pa kulala, Komeo ndiye aliyemchukua kwake. Mwaka mzima alikula chakula cha mke wa Komeo, akalala sebuleni kwa Komeo, na ukabaji aliujulia kwenye kamba yangu.

Sasa nifike kwenye soksi, na hapa kosa ni langu. Wiki ya fainali ya kombe tuliletewa soksi mpya, nyeupe. Nilizifua mara moja baada ya mazoezi, na katika zile soksi ikajificha fulana nyekundu ya mazoezi. Zikatoka na rangi ya waridi. Timu ya wanaume wazima iende fainali na soksi za waridi? Nilitokwa na jasho. Nikazichemsha kwa dawa ya kung'arishia, nikazichemsha tena, zikawa nyeupe pe. Ila kuchemsha kule kuliua lastiki. Nyingi zilishika bado. Jozi ya namba tatu ilikufa kabisa, na hapakuwa na akiba.

Nilimwambia Marashi aifunge kwa utepe chini ya goti. Akacheka, akasema utepe unaharibu mguu. Kocha sikumwambia. Niliogopa kufukuzwa, na hofu ile nimeibeba miaka kumi na moja.

Fainali yenyewe ilikwenda bila bila mpaka dakika ya themanini na tisa. Kipindi cha kwanza mwamuzi alikuwa ameshamwonya Marashi kwamba soksi imeshuka, kilinda ugoko kinaonekana, na akirudia atamtoa nje akajirekebishe. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na taulo zangu, upande huo huo wa kushoto. Nikaona kiungo wao anainua kichwa atafute pasi. Nikaona mkono wa Komeo unapanda. "Juu!" Watatu wakapanda kama wamefungwa. Marashi alikuwa ameinama, anapandisha soksi kwa mikono miwili.

Mpira ukapita. Kibendera kikabaki chini, na mshika kibendera alikuwa na haki. Mshambuliaji wao alikwenda peke yake, akamzunguka kipa, akafunga. Kombe likaenda.

Tulipoingia ndani kocha alitugeukia. Akauliza nani alibaki nyuma. Marashi alikuwa amejifunika taulo kichwani. Ilikuwa zamu yake kufungua mdomo, mtu mzima mwenye ndevu, na hakufungua. Komeo akasema, "Mkono ulikuwa wangu," akaendelea kuvua viatu. Nikaokota soksi namba tatu sakafuni, nikazitia kwenye mfuko wa aproni. Na mimi sikusema.

Asubuhi gazeti likatoka na picha. Komeo katikati, mkono juu, mdomo wazi, na mshambuliaji anampita ubavuni. Upande wa kushoto wa picha ulikuwa umekatwa ili itoshe kwenye safu. Juu yake wameandika kwa herufi kubwa: ANASIMAMISHA BASI?

Basi yule mtu aliyeitwa Komeo miaka kumi na miwili, kwa siku moja akawa Kituo. Jina lilishika kama gundi. Akiingia dukani, muuzaji ananyoosha mkono kusimamisha basi. Akipanga foleni benki, mlinzi ananyoosha mkono. Kwenye kikao cha wazazi shuleni kwa bintiye, baba mmoja mwenye tai na kitambi, ambaye hajawahi kukimbia hata kuwahi mvua, alinyoosha mkono na watu wazima wakacheka mbele ya mtoto. Alicheza misimu miwili zaidi, na kila tulikokwenda uwanja mzima ulimnyooshea mikono. Nilikuwa nakaa kwenye benchi nikiwatazama, watu maelfu wanaofurahia kumkosea mtu mmoja, na damu inanichemka. Yeye akicheza. Jezi yake ilirudi imevutwa vilevile.

Goti lilipomkatalia aliondoka bila hata mechi ya kuagwa. Marashi, alipostaafu yeye, walimfanyia mechi na keki yenye umbo la uwanja. Nyasi zilikuwa za sukari. Akaingia redioni, akawa mchambuzi, kisha akarudi klabuni akiwa Mkurugenzi wa Ufundi, na suti. Na mnajua alichokifanya kwenye semina ya kwanza ya makocha wetu wa vijana? Aliitundika ile picha ukutani, kubwa, akawaelekeza kwa fimbo. Akasema huo ni mfano wa beki asiyesoma mchezo. Nilikuwa napanga vikombe. Kimoja nilikipasua, na wakanikata kwenye mshahara.

Mke wa Komeo aliniuliza mara moja tu. Nilikuwa nimempelekea jezi za kushona, akasimamisha cherehani, akasema, "Dada, wewe ulikuwa pale. Mume wangu alikosea?" Nikamwambia mpira ndivyo ulivyo. Akanitazama kidogo, akarudi kwenye mshono wake.

Usaili ulikuwa saa nne asubuhi. Mwenyekiti wa klabu mbele, katibu na makaratasi yake, na Marashi pembeni, ananukia kama zamani. Komeo aliingia na shati lililopigwa pasi vizuri, mkunjo umesimama. Mkono wa mkewe ule. Walimuuliza mambo ya mazoezi akajibu vizuri, hata katibu akaacha kuandika akawa anasikiliza. Alieleza habari ya kamba. Mwenyekiti, ambaye hasemi uongo lakini hajui mpira, alionekana kuvutiwa. Kisha akakohoa. Akasema kuna jambo moja mashabiki watauliza, na ni bora liulizwe hapa. Lile goli la fainali. Aeleze kilichotokea.

Ukutani palikuwa na ubao wa kijani wenye visumaku vya namba. Komeo akaenda akavipanga. Akaweka kipa, akaweka kiungo wao mwenye mpira na mshambuliaji anayengoja. Akajiweka mwenyewe, namba tano. Akamweka beki mwenzake wa kati ubavuni, na beki wa kulia, wote mstari mmoja. Kikabaki kisumaku kimoja mkononi, namba tatu. Hakukiweka. Akamgeukia Marashi, akamnyooshea.

"Hiki kiweke wewe."

Nilikuwa namimina chai ya katibu na niliacha kumimina. Miaka kumi na moja mtu amekubebea lawama, na leo hakushtaki wala hakuombi chochote. Anakupa kisumaku tu ujiweke mwenyewe ulipokuwa. Mlango mpana kuliko huo nani angempa? Marashi akasimama, akafunga kifungo cha koti, akaenda ubaoni. Akakiweka kwenye mstari, sawasawa na wenzake. Halafu akakisogeza kidogo kwa ukucha, kinyooke zaidi.

"Hapa," akasema, akarudi kukaa.

Komeo aliutazama ubao muda mrefu.

Nikaweka birika chini. Nikanyoosha mkono. Mwenyekiti akasema, "Asante mama, chai inatosha." Nikamwambia sikunyoosha mkono kwa ajili ya chai.

Soksi zilikuwa kwenye aproni. Nilizichukua kabatini asubuhi ile, sikujua nitafanya nazo nini, ila sikuweza kuziacha. Nikaziweka mezani juu ya makaratasi ya katibu. Nikaeleza yote: fulana nyekundu, dawa, kuchemsha, utepe alioukataa, onyo la mwamuzi, na mtu aliyeinama. Nikavaa moja mkononi mpaka kiwiko na kuinua mkono wangu juu, wakaiona inavyoteremka yenyewe mpaka kwenye kifundo. Nikasema kosa la soksi ni langu na la kuinama ni la mheshimiwa pale, na huyu aliyesimama mbele yenu hana hata moja.

Mwenyekiti akamtazama Marashi. "Ni kweli?"

"Ni miaka kumi na moja, mwenyekiti," Marashi akasema, anatabasamu. "Nani anakumbuka soksi?"

Mwenyekiti akamgeukia Komeo. Akasema, taratibu kabisa, kwamba anamuuliza yeye na atachukua neno lake. Je, alimwona mwenzake akiwa amebaki nyuma?

Ilikuwa imebaki "ndiyo" moja tu. Kazi, jina, binti yake, yote yalikuwa ndani ya neno hilo moja, na nilikuwa namtazama mdomoni kama ninavyomtazama mtoto anayejifunza kusema. Komeo alichukua soksi zile, akazikunja moja ndani ya nyingine, kama ninavyozikunja mimi.

"Mkono ulikuwa wangu," akasema. "Na Mama Jezi hana kosa. Asije akafukuzwa kwa ajili ya soksi."

Nilimkimbilia mpaka getini. Nilimsema kama ninavyowasema wanangu, nikamwita mjinga, nikamwambia jeuri yake inamlisha nani. Alisimama akanisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi.

"Mama Jezi, nilikuja kuwafundisha vijana sheria ile ya mkono," akasema. "Nianze kwa kuivunja?" Akanirudishia soksi zangu, akaniambia nimsalimie kipa wetu wa zamani nikimwona, akaenda.

Barua ilitoka wiki iliyofuata, na kwa kuwa barua nazipeleka mimi, niliisoma njiani. Atakayenilaumu na anilaumu. Ilisema klabu inamshukuru kwa utumishi wake, lakini mwombaji hakuweza kueleza makosa yake ya nyuma. Imesainiwa na Mkurugenzi wa Ufundi. Mabeki wa vijana anawafundisha yeye mwenyewe sasa, kwa muda, na picha iko ukutani. Nimesoma sentensi ile mara nyingi mno, na kila nikiisoma natamani kumrushia mtu beseni la maji ya sabuni.

Siku hiyohiyo sikumpelekea Komeo barua kwanza. Nilipita kwa mkewe. Alikuwa anashona sare za shule, kitambaa cha buluu kimejaa mpaka miguuni. Nikaweka soksi juu ya meza ya cherehani, nikamwambia, "Uliniuliza kama mumeo alikosea. Hakukosea." Nikamweleza yote, kuanzia fulana nyekundu.

Nilitegemea amlaani Marashi, aliyekula kwake mwaka mzima. Nilitegemea alie, au atake kwenda ofisini na mimi nimzuie. Aliishika ile soksi, akaivuta juu kwa vidole viwili kama anavyopima kila lastiki, akaona haishiki. Kisha akainua macho.

"Miaka kumi na moja, dada," akasema. "Kila mwisho wa mwezi unakuja hapa na jezi zako, unakunywa maji yangu, unamwona anavyoingia ndani kichwa chini. Na ulikuwa unajua."

Akarudi kushona. Nilikaa pale kwenye kiti cha wateja, nimeshika barua, na hasira yote niliyokuja nayo haikuwa tena na pa kwenda. Sheria ya Komeo ilikuwa ya mabeki wanne. Mimi haikunihusu.